Gari la Paskali na Kopo Langu la Thamostati

Hamisi, mwenye gereji, ameniletea daftari hili na kalamu mbili akasema, "Bibi, unaondoka na kichwa chako chote, sisi tutabaki na nini?" Nikamwambia mimi niliishia darasa la tatu kule Mtinko, na mwandiko wangu unapanda na kushuka. Akasema hata barabara zinapanda na kushuka na watu wanafika. Basi naandika. Ninyi mafundi mliobaki gerejini mtasoma, na penye makosa msinisahihishie herufi, nisahihishieni ufundi.

Nilipewa cheo gani na nililipwa nini sitaandika, maana cheo kilikuwa kimoja tu, Bibi Nozeli, na hicho mlinipa ninyi. Naandika kwa sababu ya gari la Paskali, lililonivuruga akili mwaka wangu wa mwisho kazini, na sijui kama imetulia bado. Lakini nikianza na Paskali hamtaelewa, kwa hiyo naanza na mashine ya kusaga.

Shemeji yangu marehemu alikuwa na mashine ya kusaga Mtinko. Siku moja ikagoma, inatoa moshi mweupe na kukohoa, na wanawake wako foleni na mahindi yao. Wakanituma mimi, niliyekuwa na miguu myepesi, nipeleke nozeli mjini Singida. Nozeli ni ule mdomo unaopulizia mafuta ndani ya injini. Nikaifunga kwenye pindo la khanga kama hela ya sadaka. Gerejini nikamkuta Fundi Athumani, mzee wa Itigi aliyejifunzia kazi kwenye karakana ya reli. Akaifungua, akaiosha, akaipima, mafuta yakatoka kama ukungu wa asubuhi. Nikamuuliza hilo tundu mafuta yanapotokea liko wapi, mbona silioni.

Akanitazama. "Wateja wote huniuliza itakuwa tayari saa ngapi. Wewe unauliza tundu."

Nikarudi, mashine ikasaga. Kesho yake nikaamka nikatembea tena hadi mjini.

"Imeharibika tena?" akaniuliza.

"Haijaharibika. Nimekuja kujifunza ulichofanya jana."

"Mwanamke kwenye nozeli?"

"Mashine ilipopona haikuuliza."

Akacheka mpaka akakalia tairi. Siku ile nilioshea dizeli vyuma mpaka mikono ikababuka, na nikajua majina ya watu wote wanne waliokuwepo: Athumani, Juma Kitundu, Elisha na Rajabu Mfupi, ambaye alikuwa mrefu kuliko wote. Majina hayajawahi kunipotea. Vitu vingine vyote vinanipotea, hata miwani ikiwa usoni.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache. Bisibisi ndefu, ncha yake unaigusisha kwenye injini na mpini unauweka sikioni, unasikia nozeli ipi inagonga na ipi imenyamaza. Kitambaa cheupe cha kunasia moshi, uone rangi yake. Na pua. Fundi Athumani alisema injini ikiwa na shida itakwambia, shida ni kwamba fundi anaongea kuliko injini.

Sasa njoo kwenye thamostati, maana hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Mnaijua: kizibo kidogo chenye springi, kinakaa kwenye njia ya maji yanayotoka injini kwenda rejeta. Maji yakiwa ya baridi kinafunga ili injini ipate moto upesi. Maji yakishapata moto wa kutosha kinafungua. Lori la Mzee Hango lilichemka njiani kutoka Issuna, limejaa watu na matenga ya kuku, na silinda hedi, kile kifuniko cha juu ya injini, ikapasuka. Tulipofungua tukakuta kizibo kimeng'ang'ania, kimefungwa, kina ukoko mweupe kama jino lisilopigwa mswaki. Chumvi. Ninyi mnanunua maji ya rejeta ya rangi kwenye galoni. Wakati ule mtu aliweka maji ya kisima, na visima vyetu mnavijua, chai yake haihitaji chumvi na inakuwa nayo.

Fundi Athumani akakishika kile kizibo mbele yetu. "Hiki kimetengenezwa na watu wa nchi za baridi. Sisi jua tunalo. Mwajuma, kuanzia leo gari lolote likichemka, toa."

Nikatoa. Nilitoa miaka na miaka. Gari likija limechemka natoa, na likija halijachemka lakini linatoka Kintinku kwenye joto lile, natoa ili lisije likachemka. Wenye magari walifurahi, sindano ya joto ililala chini kama mbuzi aliyeshiba.

Sheria nyingine ya Fundi Athumani ilikuwa hii: cha mtu hakitupwi. Chochote ulichotoa kwenye gari la mtu, hata boliti iliyokatika, unakifuta, unakifunga kwenye gazeti, unampa mkononi. Aone kilichotolewa. Akikataa, unakitunza, kwa sababu iko siku atauliza. Wengi walizikataa thamostati, wakasema, "Baki nayo, bibi, nitaifanyia nini?" Nikaziweka kwenye kopo kubwa la maziwa ya unga, kila moja nimeifunga uzi. Sikuandika jina. Nikiushika uzi namjua mwenyewe.

Fundi Athumani alipofariki, mwanae Hamisi akashika gereji, na magari yakaanza kuja na kompyuta. Nozeli zikaota waya. Nilimuuliza Hamisi waya wa nini kwenye nozeli, akasema kompyuta ndiyo inaiambia ifungue lini. Nikauliza kompyuta nayo inaambiwa na nani. Akasema na vihisio, vidude vya kupima, vipo kila mahali, kwenye hewa, kwenye mafuta, kwenye maji. Nikaona sasa injini imekuwa kama ofisi, kila mmoja anamsubiri mwenzake aseme. Nikarudi kwenye pampu za zamani na mashine za kusaga, nikawaachia ninyi mambo ya waya.

Halafu akaja Paskali.

Paskali ni wa Issuna, ana pikapu ya dizeli, anapakia vitunguu kupeleka upande wa Nzega. Njiani kuna Sekenke. Kwenda anateremka, na kurudi na mzigo wa mchele anaupanda mlima ule kwa gia namba moja, nyuma yake foleni ya malori yanapiga honi. Madereva wakalipa gari lake jina, Bi Harusi, kwa mwendo wake. Wakimwona wanaimbia dirishani, "Mpisheni, mpisheni, bi harusi anaingia ukumbini!" Na mafuta linakunywa kama limefunga siku tatu.

Akaja gerejini ana simu mkononi. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Paskali. Mama Paulina hajambo?"

"Hajambo. Bibi, nataka kulityuni gari."

"Kulifanya nini?"

Akanieleza, na Hamisi akanieleza kwa kurudia, na bado nilielewa nusu. Kumbe ile kompyuta ya injini ina maagizo ndani yake, na wapo watu wanaobadilisha hayo maagizo gari likapata nguvu. Wengine wanaweka kifaa, wengine wanaandika maagizo mapya. Ni wengi kama wauza dawa za meno mnadani, na kila mmoja anasema mwenzake ni muongo.

"Utalipa na nini?" nikamuuliza.

"Nitapeleka maksai mnadani Jumamosi. Jasiri na Shauriyako."

Nikaweka bisibisi chini. Maksai wale nawajua, ndio wanaolima shamba lake na la mama yake, na mawingu yalishaanza kukaa upande wa Manyoni. Akaona uso wangu, akasema, "Nguvu nikizipata napiga safari mbili kwa wiki, nanunua wengine. Wewe bibi ndiye unayelijua gari langu tangu nililete. Nichagulie mtu. Ukisema huyu, nampa."

Niliwahi kuchagulia watu wachumba, na ilikuwa rahisi kuliko hivi.

Kesho yake asubuhi akaja mke wake, na mguu umejaa vumbi la njia nzima kutoka stendi. Hakukaa. "Shikamoo, bibi. Amekwambia?"

"Ameniambia."

"Basi mimi sikuja kukwambia umkatalie, yule ukimkataza anakwenda kwa mwingine. Nimekuja kukuomba kitu kimoja. Usiseme ndiyo kwa jambo usilolijua. Maksai wakienda na gari likabaki hivyo hivyo, mimi ndiye nitakayeshika jembe la mkono."

Nikamwambia, "Mama Paulina, nimekusikia."

Hamisi akatafuta watu watatu. Wa kwanza alikuwa Dastani, kijana mwenye duka la vipuri hapa mjini. Alileta kiboksi cheusi kinachochomekwa kwenye waya wa mafuta. "Bibi, dakika kumi tu. Unachomeka, gari linapaa."

Mimi sikuwa na maswali ya kompyuta. Nikamuuliza lile ninalolijua. "Na unachokitoa kwenye gari unakiweka wapi?"

"Hakitoi kitu, bibi! Kinaidanganya tu kompyuta. Inadhani mafuta yanayokwenda ni machache, kwa hiyo inaongeza."

"Inadanganywa kila siku?"

"Kila sekunde."

"Na ikigundua?"

Dastani akacheka, akasema haina akili hiyo. Mimi nikabaki nawaza: juzi mliniambia ndiyo yenye akili kuliko sisi sote.

Wa pili, Fundi Gasto, alikuja kutoka Dodoma na kompyuta ya mkononi na miwani ya jua aliyoivaa hata chini ya injini. Yeye anafuta maagizo ya zamani na kuweka mapya, anayo tayari, ya pikapu zote za namna ile.

"Zote zinapewa sawa?" nikauliza.

"Bibi, magari haya ni ndugu, yametoka tumbo moja."

"Hata mapacha hawali sawa, baba. Hili linapanda Sekenke. Umeliuliza linabeba nini?"

"Litabeba chochote."

"Na maagizo ya zamani unayaweka wapi?"

Akavua miwani sasa. "Ya zamani ya nini tena, bibi? Si ndiyo yamemfanya awe bi harusi?" Hamisi akacheka, Paskali akacheka zaidi. Walikuwa wameshampenda. Hamisi akaninong'oneza kwamba Gasto yuko karibu, likiharibika Dodoma si mbali. Niliona ni neno la maana, na pia niliona ni ajabu kumchagua fundi kwa ukaribu wa mahali pa kumlaumia.

Wa tatu hakuja. Alikuwa mwanamke wa Arusha anayeitwa Upendo, anafanya kazi kwa simu na intaneti. Hilo ndilo lilinichanganya kabisa, mtu kutibu gari asiloligusa wala kulinusa. Hamisi akaweka simu sauti juu, kwenye beseni la vyuma.

"Shikamoo, bibi. Nina maswali, samahani, ni mengi." Akauliza gari linabeba kilo ngapi, linapanda mlima gani. Mafuta ni ya kituoni au ya madumu. Klachi ilibadilishwa lini, moshi ni rangi gani likipanda. Paskali akaanza kuchoka. Mimi nikavuta kigoda.

"Na la mwisho," akasema, "kuna kitu chochote kilichowahi kutolewa kwenye injini hii?"

"Hakuna," nikajibu, maana mimi ndiye niliyeishika siku zote.

Kisha nikamuuliza langu. "Maagizo ya zamani unayaweka wapi?"

"Ninayanakili kabla sijagusa kitu, bibi. Nakala moja nabaki nayo, nyingine nampa mwenye gari. Ni mali yake. Siku akitaka yarudi, yanarudi."

Cha mtu hakitupwi. Nilihisi kama Fundi Athumani amekohoa nyuma yangu. Nikamwambia Paskali, "Ni huyu. Sijaelewa nusu ya aliyosema, lakini ni huyu."

Paskali hakufurahi, maana Upendo alisema hataandika kitu mpaka apate vipimo. Gari litembee, na kile kidude cha Hamisi cha kusomea kompyuta kiwe kimechomekwa, kirekodi yote, kisha atumiwe. Ilikuwa Alhamisi. Mnada ni Jumamosi.

Tukaenda mpaka Issuna na kurudi, mimi katikati, Hamisi na simu yake dirishani. Paskali alinung'unika njia nzima. "Gasto angeshamaliza na angekuwa anakula kuku." Hamisi akatuma vipimo. Hatukukaa sana, simu ikaita.

"Hamisi, gari lilitembea kweli? Si mliliwasha tu?"

"Limetembea, limefika Issuna na kurudi!"

"Mbona maji hayajafika nyuzi sitini? Yalitakiwa yapite themanini. Injini hii haijawahi kupata moto. Kompyuta inadhani ni asubuhi ya baridi, kila siku, mchana kutwa. Inamwaga mafuta ya kupashia moto na kuinyima injini nguvu isijiumize. Mimi siwezi kuandika juu ya hapo, nitakuwa najenga kwenye tope." Kisha akauliza, "Nani alitoa thamostati?"

Hamisi akaangalia chini. Yeye hakuwa anajua, siku ilipotolewa alikuwa Manyoni, lakini alijua ni kazi ya mkono wa nani. Paskali akaniangalia, mimi nikaangalia simu kwenye beseni.

"Ni mimi, mama," nikasema.

"Bibi, si ulisema hakuna kilichotolewa?"

Na sikuwa nimesema uongo, wanangu. Mtu akimenya ndizi, ukimuuliza ametoa nini, atakwambia hajatoa kitu, ameandaa. Kwangu mimi thamostati ilikuwa ganda. Paskali alipolileta gari lile mara ya kwanza lilikuwa limechemka Ikungi, limejazwa maji ya kisima. Nikakitoa kizibo, nikampa, akasema, "Baki nacho, bibi." Nilikwenda kwenye kopo, nikapapasa, nikatoa chenye uzi wa kijani. Nikakiweka juu ya boneti.

Paskali akakishika. "Bi harusi," akasema polepole, "kumbe wewe ndiye uliyemfunga miguu."

Hakuna tusi nililowahi kutukanwa gerejini lililoniingia kama lile, na wala halikuwa tusi.

Tukaweka thamostati mpya. Tukamwaga maji yote, tukasafisha rejeta siku nzima ya Ijumaa, tukajaza yale ya rangi. Kazi ile niliifanya kwa mikono yangu, sikumruhusu mtu. Upendo akasema litembezwe kwanza wiki mbili hivyo hivyo. Likibaki zito, ndipo ataandika. Hamisi akamuuliza mbona anajikosesha kazi. Akajibu, "Sijikoseshi, naisubiri." Jumamosi ikapita. Jasiri na Shauriyako hawakwenda mnadani, na mimi sikulala vizuri kwa kuogopa kwamba na hilo pia nimekosea.

Paskali akapiga simu Jumatano. Nyuma yake nasikia honi na watu. "Bibi! Niko juu Sekenke! Nimepanda na gia namba mbili, pengine tatu!"

"Mzigo je?"

"Mchele, mzigo ule ule! Wameniuliza nimetyuni wapi. Nimewaambia kwa Bibi Nozeli. Niwaambie uliweka nini?"

"Waambie nilirudisha."

Bado anataka Upendo amwandikie maagizo, lakini baada ya mavuno, kwa vitunguu na si kwa maksai. Mama Paulina alinitumia debe la karanga. Hakutuma neno, na mimi nikalielewa.

Ila akili yangu ndiyo haijakaa sawa. Fundi Athumani alikosea? Ule ukoko mweupe niliuona kwa macho yangu, na silinda hedi ya Mzee Hango ilipasuka kweli. Kwa maji yale na injini zile nadhani alikuwa sahihi. Kisha maji yakabadilika, injini zikabadilika, na mimi mkono wangu ukaendelea kutoa. Ni lini hasa kutoa kuliacha kuwa dawa kukawa ugonjwa? Hakuna aliyenigongea bega. Magari yalirudi yakilalamikia mafuta, nami nikayaoshea nozeli, nikayapima, nikayaandikia nozeli mpya. Nozeli hazikuwa na kosa.

Siku ya mwisho ya kazi mliniletea keki na kitenge, nawashukuru. Mimi niliomba kopo langu nikaondoka nalo. Nimezimwaga thamostati juu ya mkeka, ni arobaini na moja bila ya Paskali. Nashika uzi, nasema jina, natafuta namba, napiga. Nilianza na uzi mwekundu, Mzee Ndahani wa Kintinku.

"Mbukwa, mzee," nikamwamkia Kigogo. "Ni Mwajuma wa gereji ya Singida. Lile gari lako lipo?"

"Aa, bibi, nililiuza. Lilikuwa linakunywa mafuta, na nguvu hakuna. Nilidhani ni uzee tu."

Nikamwambia ukweli wote. Akauliza kama bado ninacho kile kizibo chake. Nikasema ninacho. "Basi kitunze," akasema, "nikija Singida nitakichukua." Gari hana, lakini kizibo atakuja kukichukua. Sikumuelewa, na nilifurahi.

Nimefika wa kumi na sita. Wengine wamekufa, napiga anapokea mtoto, naye namwambia. Lakini magari yameuzwa na kuuzwa tena, na yapo ambayo sitayapata kwa simu. Hayo yatakuja kwenu yenyewe, yakiwa mazito, mwenyewe ameshika simu anataka kutyuni. Kabla hamjamwita Dastani wala Gasto wala Upendo, fungueni pale maji yanapotokea. Mkikuta patupu msimcheke mwenye gari. Muulizeni jina lake, na jina la aliyekuwa nalo kabla yake, kisha mnipigie. Nitautafuta uzi wake kwenye mkeka.